Kinu cha nyuklia kikizeeka vifaa vinabadilishwaje? Wakuu wa mitambo Kanda ya Ziwa tukutane hapa

#1 Kirumba_Mwaloni

Wakuu, salaam. Tangu 2025 jirani zetu wa Kenya wanaitaja Siaya, upande wao wa ziwa hili hili, kuwa mahali pa kituo cha kwanza cha umeme wa nyuklia nchini mwao. Mijadala karibu yote inaishia kwenye ujenzi: bei, mkandarasi, megawati. Mimi nataka tuanzie pale ujenzi unapokwisha. Vituo vingi vya aina hii vilipangiwa miaka 40, kisha wenyewe wakaomba 20 ya nyongeza. Hakuna mota ya kudumu miaka 60 bila kuguswa, wala mpira wa sili, wala bodi ya umeme. Sasa vinabadilishwaje ndani ya jengo lenye mionzi? Kipi hakibadilishiki kabisa? Na mafundi wa Mwanza, Musoma, Bukoba na Kisumu waelewe nini mapema? Naomba wenye ujuzi waandike kwa vipimo na namba. Siasa ina nyuzi zake.

#2 Chuma_cha_Igogo

Mkuu, tuanze na visivyobadilishwa, maana ndivyo vinavyoamua umri wa kituo. Ni viwili: chungu cha chuma kinachobeba fueli ya urani, na jengo la zege linalokizunguka.

Chungu hupigwa na nyutroni (chembe zinazoruka kutoka kwenye fueli) miaka yote, hasa ule mkanda wa ukuta ulio usawa wa fueli. Chuma kinapungukiwa na uwezo wa kuhimili mshtuko, na lile joto ambalo chini yake kinaweza kupasuka ghafla bila kupinda kwanza linazidi kupanda. Ndiyo maana tangu mwanzo huwekwa ndani vipande vya sampuli vya chuma kile kile, pamoja na vipande vya mshono wake wa kulehemu, vikiwa karibu na fueli kuliko ukuta wenyewe ili vizeeke haraka zaidi. Kila baada ya miaka kadhaa hutolewa kifurushi kimoja, vipande vinavunjwa kwa mashine ya Charpy, yaani nyundo inayopima uwezo wa kuhimili mshtuko, na wahandisi wanaiona hali ya chungu kabla chungu chenyewe hakijafika huko. Bila sampuli hizo, hoja ya kuomba miaka ya nyongeza inakuwa dhaifu sana. Vinu vya Kirusi vya VVER-440 vina tiba moja: kukipasha chungu joto la karibu nyuzi 475 kwa siku kadhaa ili chuma kirudishe sehemu kubwa ya uimara wake. Loviisa 1 ya Ufini ilifanyiwa hivyo 1996, Metsamor ya Armenia 2021.

Kifuniko cha chungu ni habari nyingine, hicho hubadilishwa. Kituo cha Davis-Besse, Ohio, Marekani, 2002: maji yenye asidi ya boriki yalivuja kupitia nyufa za mirija ya fimbo za kudhibiti, yakakila kifuniko chenye unene wa takriban sm 17 mpaka ikabaki ngozi nyembamba tu ya chuma kisichoshika kutu upande wa ndani. Wakachukua kifuniko cha Midland, kituo kilichoachwa kabla ya kumalizika, wakakifunga. Mwaka 2011 wakaweka kingine kipya kabisa. Nyufa zile zilianzia kwenye aloi (mchanganyiko wa metali) namba 600, yenye nikeli nyingi. Ikumbukeni hiyo namba, nitairudia kwenye jenereta za mvuke.

#3 Chuma_cha_Igogo

Naendelea. Jenereta ya mvuke ndiyo kazi kubwa kuliko zote za kubadilisha kwenye kinu cha maji yenye shinikizo. Maji ya kinu, bar 155 na joto la karibu nyuzi 320, hupita ndani ya maelfu ya mirija yenye umbo la U. Nje ya mirija kuna maji ya upande wa tabaini, ambayo huchemka na kutoa mvuke kwa bar 60 hadi 70. Kati ya pande hizo mbili kuna ukuta wa mrija wa takriban mm 1. Ukitoboka, maji ya kinu yanaingia upande wa mvuke.

Mirija ya kwanza ilikuwa aloi 600, yenye kromiamu ya asilimia 14 hadi 17. Ikaota nyufa karibu dunia nzima. Kila mapumziko ya kujaza fueli hupitishwa kipimo cha mkondo wa edi (koili ya umeme inayogundua nyufa na ukuta uliolika) ndani ya mirija, na kwa kanuni za Marekani mrija uliopoteza asilimia 40 ya unene huzibwa pande zote mbili. Ukiziba michache hakuna neno. Ukiziba mamia kwa mamia, maji yanapungua, joto halihamishwi vizuri, na kituo kinashusha megawati. Hapo ndipo mwenye kituo anaagiza jenereta mpya za aloi 690, kromiamu asilimia 27 hadi 31. Huagizwa miaka kadhaa kabla, maana viwanda vyenye uwezo wa kufua chuma cha ukubwa huo ni vichache duniani.

Mfano wa Afrika upo. Koeberg, karibu na Cape Town, ina vinu viwili, kila kimoja jenereta tatu. Kinu cha kwanza kilizimwa Desemba 2022, kikarudi kwenye gridi Novemba 2023 kikiwa na jenereta mpya. Cha pili kikafuata Desemba 2023. Jenereta moja ina urefu wa karibu mita 20 na uzito wa zaidi ya tani 300.

Mpangilio wa kazi, kwa kifupi. Fueli yote inatolewa kwenda kwenye bwawa lake, hakuna kukata bomba fueli ikiwa ndani. Maji ya kinu yanashushwa. Mabomba makubwa yanapimwa kwa leza kabla hayajakatwa, maana yakikatwa tu yanaruka kidogo kwa mkazo uliokuwa ndani yake, na usipoyafunga kwa vishikizo vya chuma kwanza hutayapata pale ulipoyaacha. Bomba la maji ya kinu lina kipenyo cha ndani cha zaidi ya mm 700, na ukuta wake unakaribia mm 70. Linakatwa kwa mashine inayozunguka bomba; moto wa gesi hautumiki hapo. Yakikatwa, midomo ya jenereta ya zamani inazibwa kwa sahani za chuma zilizolehemiwa. Kreni ya juu ya jengo inainyanyua, inalazwa, inatolewa. Mpya ikiingia, midomo yake inachongwa kufuata vipimo vya leza vya bomba lililopo, wala si vya mchoro wa zamani. Ulehemu ni wa TIG wa mashine ndani ya mfereji mwembamba, tabaka juu ya tabaka, kisha mshono wote unapigwa picha ya mionzi au altrasaundi. Mwisho jaribio la shinikizo la maji, na kila mrija mpya unapimwa kwa mkondo wa edi ili kumbukumbu ya siku ya kwanza iwepo.

#4 Bint_Ukerewe

Asante kaka, ngoja niongeze upande wa usalama wa mionzi, maana ndio unaotawala ratiba yote hiyo.

Kiwango cha juu cha mionzi kwa mfanyakazi kimataifa ni wastani wa milisieverti 20 (kipimo cha dozi ya mionzi mwilini) kwa mwaka ukihesabu miaka 5, na mwaka wowote mmoja usizidi 50. Mlehemu mzuri akishafikisha kiwango alichopangiwa anatoka, hata kama mshono uko nusu. Kwa hiyo kazi inafanyiwa mazoezi nje, kwenye mfano wa ukubwa ule ule, na mavazi yale yale, pamoja na mtu wa saa. Dakika 10 zilizookolewa kwenye mfano ni dozi iliyookolewa ndani.

Mbinu nyingine ambayo wengi hawaijui: upande wa mvuke wa jenereta ya zamani huachwa na maji muda wote wa maandalizi, kwa sababu maji yanazuia mionzi ya mirija. Yanatolewa karibu na saa ya kuinyanyua. Blanketi za risasi zinafungwa kwenye mabomba jirani. Na kabla ya chochote, vipimo vya mionzi vya chumba kizima vinachorwa kwenye ramani, ili mtu anayesubiri asubiri mahali penye mionzi midogo, asikae karibu na bomba eti kwa vile ndipo penye nafasi.

#5 Mabatini_Spea

Wakuu, swali langu ni la moja kwa moja. Kama wanajua kifaa kina miaka 20, kwa nini wasikibadilishe tu kila kimoja kikifika umri? Kipya ni kipya. Naona mnazungumzia kupima, kupima, kupima. Si kung'oa na kuweka kipya kungemaliza?

#6 Mkaguzi_Butimba

Mkuu Mabatini, hapo ndipo penye hatari yenyewe, na nitakujibu kwa visa vitatu vya vituo vilivyoumizwa na kazi ya kubadilisha.

San Onofre, California. Waliweka jenereta mpya kinu cha pili na cha tatu, 2010 na 2011, zilizotengenezwa na Mitsubishi Heavy Industries. Za zamani zilikuwa na mirija 9,350 kila moja, mpya zikawekwa mirija 9,727, nguzo ya katikati ikaondolewa kupata nafasi, na vishikizo vya kuzuia mtikisiko vikabadilishwa umbo. Kwenye makaratasi ilipita kama badiliko la kifaa kwa kifaa. Programu ya kukokotoa ilikadiria kasi ya mvuke juu ya mirija chini mno ya kasi halisi. Mirija ikaanza kutikisika upande ambao hakuna kishikizo kilichoundwa kuuzuia, ikagongana yenyewe kwa yenyewe. Januari 31, 2012, chini ya mwaka mmoja tangu kinu cha tatu kirudi, mrija ukavuja. Walipoijaribu kwa shinikizo, mirija 8 ya kinu hicho ilishindwa. Juni 2013 wakatangaza kufunga kituo chote. Aloi 690 ilikuwa bora kweli, lakini umbo jipya ndilo lililowamaliza.

Crystal River 3, Florida, 2009. Jenereta hazikuweza kupita mlangoni, ikabidi kukata dirisha kwenye jengo la zege lenye ukuta wa zaidi ya mita 1. Ndani ya ukuta kuna nyaya za chuma zilizovutwa kwa nguvu kubwa kulibana zege. Walipozilegeza, mpangilio wa kuzilegeza ulileta mkazo ambao zege halikuuhimili, tabaka la nje likaachana na la ndani kama ganda la kitunguu. Wakatengeneza, wakaanza kuvuta upya, ufa mwingine ukatokea upande mwingine. Februari 2013 kikatangazwa kufungwa moja kwa moja. Kwa vinu vya ukoo wa Kifaransa wa MW 900, ambao Koeberg ni mmojawapo, jenereta hupita kwenye mlango mkuu wa vifaa bila kukata zege. Mtu akijenga leo aulize swali hili kabla ya kumwaga msingi: jenereta itatokea wapi?

Cha tatu ni Korea Kusini. Novemba 2012 ilibainika kwamba spea nyingi zilikuwa zimeingia kwa vyeti vya kughushi, vinu viwili vya Yonggwang vikazimwa. Mei 2013 ikaja ya kebo za udhibiti ambazo ripoti zake za majaribio zilighushiwa, vikazimwa vingine. Spea zilikuwa mpya na zina karatasi, ila karatasi ndizo zilikuwa feki.

Ukiongeza na ukweli kwamba bodi au beringi nyingi zenye kasoro ya kiwandani hufa miezi ya mwanzo, utaona kwa nini mtu haondoi kifaa kinachopimika vizuri ili tu aweke kipya. Unaondoa kinachoonyesha dalili, au kile ambacho kufa kwake hakutoi dalili.

#7 Mabatini_Spea

Nimekuelewa mkuu. Lakini kiwanda kilichotengeneza relei ya 1984 kikishafungwa, unaipata wapi?

#8 Mkaguzi_Butimba

Njia ni tatu. Ya kwanza, kununua akiba ya mwisho kabla kiwanda hakijasitisha, na hapa stoo ina kazi yake: mpira wa O una umri wa rafu hata usipofunguliwa, na kapasita ya elektroliti iliyokaa miaka bila umeme tabaka lake la ndani linadhoofika, ukiiwasha kwa volti kamili inaweza kufa pale pale. Spea za namna hiyo huwashwa stoo kwa ratiba, volti ikipandishwa taratibu.

Ya pili, kununua kifaa cha kawaida cha viwandani na kukithibitisha wewe mwenyewe. Unaandika kwanza kazi ya usalama ya kifaa: relei hii lazima ifunge ndani ya muda fulani, kwa volti ya chini kabisa ya betri, wakati wa tetemeko. Kutokana na hapo unatoa sifa zinazopimika: volti ya kuvuta na ya kuachia, ukinzani wa koili, ukinzani wa kontakti, vipimo vya mm, aina ya plastiki, toleo la bodi. Unapima kila kipande au sampuli kulingana na uzito wa kazi yake. Sampuli nyingine inapelekwa kwenye meza ya mtetemeko na kwenye oveni ya kuzeesha. Kinachowaangusha watu ni mtengenezaji kubadilisha kitu kimya kimya: namba ya bidhaa ile ile, ila ndani sasa kuna kichakataji kidogo chenye programu. Kifaa chenye programu kinaweza kukwama kwa njia ambazo relei ya koili haiwezi, na vyote vinne vya njia nne za usalama zinazofanya kazi ile ile vitakwama pamoja. Fungua kimoja, kipige picha, linganisha bodi.

Ya tatu, kuunda upya kwa kukipima cha zamani. Pima vipande kadhaa, si kimoja, maana ulichoshika kinaweza kuwa kimeshalika.

#9 Nyakato_Volti

Wakuu, umeme. Kebo kwanza, maana kituo kina mamia ya kilomita za kebo na hakuna anayezibadilisha zote.

Ndani ya jengo la kinu adui ni joto na mionzi. Ganda la mpira wa EPR au plastiki ya XLPE linakauka. Kipimo cha maabara ni kuvuta kipande mpaka kikatike: ganda jipya linanyumbuka mara kadhaa ya urefu wake, na likishuka hadi kuongezeka asilimia 50 tu ya urefu kabla ya kukatika, hesabu kwamba umri wake umefika. Sababu ya kuwa makini ni kwamba siku ya ajali, bomba likipasuka, kebo hiyo itafunikwa na mvuke moto wenye mionzi na bado ipeleke ishara ya sensa. Kebo kavu inaweza kufanya kazi miaka yote ya kawaida na kupasuka siku hiyo moja. Tafuteni kwanza sehemu zilizo juu ya bomba la mvuke ambalo kifuniko chake cha joto kilivuliwa na fundi hakukirudisha. Kanuni ya kienyeji ya maabara ni kwamba kila nyuzi 10 zaidi hupunguza umri wa ganda karibu nusu.

Kebo za msongo wa kati zilizozikwa nje zina ugonjwa tofauti: maji. Mfereji ukijaa maji na kebo ina umeme, vinyufa vya matawi ya maji vinaota ndani ya XLPE. Kipimo ni tan delta (umeme unaopotea ndani ya ganda) kwa masafa ya chini, usome thamani na pia jinsi inavyopanda ukiongeza volti. Kwenye mwambao wetu wenye mvua za masika na udongo wa mfinyanzi, pampu ya kutoa maji kwenye mashimo ya kebo ni kifaa cha kuongeza umri wa kebo. Ipewe ratiba ya ukaguzi.

Transfoma kubwa: gesi zilizoyeyuka kwenye mafuta. Asetilini ni cheche, hata kidogo ni habari mbaya. Ethilini ni mafuta yaliyochomwa na kiungo chenye moto. Hidrojeni peke yake mara nyingi ni mmwagiko mdogo wa umeme. Monoksidi ya kaboni ikipanda, karatasi inaungua. Mafuta unaweza kuyasafisha au kuyabadilisha, karatasi ya ndani ya koili haibadilishiki bila kuifumua transfoma. Karatasi ikiwa mpya, minyororo ya molekuli zake ina viungo 1,000 au zaidi, ikishuka hadi 200 haina nguvu tena ya kuhimili msukosuko wa shoti. Kwa hiyo mtu akikuambia "tumesafisha mafuta, gesi zimeisha, transfoma imepona", muulize kipimo cha furani, kemikali inayotoka kwenye karatasi inayooza, kabla ya kusafisha. Kusafisha kumefuta ushahidi, ugonjwa uko pale pale.

#10 Kapripointi

Naweka neno kwenye mabomba ya upande wa tabaini, huko ambako hakuna mionzi ila ndiko watu walikofia.

Mihama 3, Japani, Agosti 9, 2004: bomba la maji la kipenyo cha mm 560 lilipasuka, watu 5 wakafa kwa mvuke na maji moto. Ukuta ulikuwa mm 10 mwanzoni, ulipopasuka sehemu ile ulikuwa chini ya mm 2. Sehemu hiyo, muda mfupi baada ya kipimo cha mtiririko, haikuwa kwenye orodha ya kukaguliwa tangu kinu kianze 1976. Surry ya Virginia iliua 4 mwaka 1986 kwa kisa cha jinsi hiyo hiyo.

Maji safi yasiyo na oksijeni, nyuzi 100 hadi 200 na kitu, yakipita kwa kasi kwenye chuma cha kawaida, yanayeyusha ile ngozi ya oksidi inayokilinda. Hula baada ya kona, baada ya vali ya kupunguza shinikizo, baada ya bamba la kupimia mtiririko. Unachora gridi kwa rangi juu ya bomba na kupima kila makutano kwa altrasaundi, mapumziko hata mapumziko, pointi zile zile. Kipande kikikaribia unene wa chini unakikata. Kosa ni kurudisha chuma kile kile cha kaboni, maana miaka kadhaa baadaye utarudi hapo hapo. Weka chenye kromiamu ya asilimia 1.25 au 2.25, na kipashe moto kabla ya kulehemu, chuma hicho hakisamehe ulehemu wa baridi. Halafu kagua pia kipande kinachofuata, kwa sababu ulikaji mara nyingine unahamia mbele ya kiungo kipya.

#11 Kirumba_Mwaloni

Wakuu mnanifurahisha sana. Sasa nirudi ziwani. Vifaa vya kituo kilichojengwa kando ya bahari vikiagizwa vile vile kwa ajili ya huku, kuna tatizo?

#12 Kapripointi

Lipo, na ndilo wengi watalisahau. Uso wa ziwa uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ina shinikizo la kama kilopaskali 88, pwani ni 101. Ukiligeuza kuwa kina cha maji, pampu inapoteza karibu mita 1.3 za uwezo wa kuvuta. Pampu iliyokuwa na akiba ya mita 1 pwani, huku itakuwa inatoa povu ndani ya impela na kulika. Dawa ni kuishusha pampu chini zaidi kwenye kisima cha maji, na hilo huamuliwa wakati wa zege, siyo miaka 30 baadaye.

Kina cha ziwa nacho hakitulii. 2006 lilishuka sana, Mei 2020 likapanda hadi kulingana na rekodi ya 1964. Pampu ya kubadilisha ipimwe kwa ziwa likiwa chini kabisa, na mota na paneli zikae juu ya ziwa likiwa juu kabisa.

Joto: maji ya ziwa ni kama nyuzi 24 hadi 27 mwaka mzima, wakati Koeberg inavuta maji baridi ya Atlantiki. Kipoza joto cha ukubwa ule ule hakitatosha huku. Kwa faida yetu, maji haya hayana chumvi, kwa hiyo mirija haihitaji titani kwa lazima kama baharini, ila ute wa viumbe vidogo unaota ndani na kutoboa chuma chini yake. Usiache bomba likiwa na maji yaliyotulia wiki kadhaa wakati wa matengenezo. Ama yazunguke, ama litolewe likauke kabisa.

Halafu magugu maji. Desemba 1, 2009, Cruas 4 ya Ufaransa ilikosa maji ya kupoza kwa saa kadhaa kwa sababu majani ya mtoni yaliziba chujio. Hapa Ghuba ya Mwanza kisiwa kizima cha magugu kinaweza kusukumwa na upepo usiku mmoja. Chujio la kuzunguka linalobadilishwa lazima lipimwe kwa uzito wa magugu yaliyolowa, pini ya kukatika ya mnyororo ichaguliwe kwa mzigo huo, na mdomo wa kuvuta uwe chini ya maji mbali na ufukwe.

#13 Nyakato_Volti

Nakazia hoja ya mwinuko. Viwango vya kimataifa vya mota na transfoma vinahesabu hadi mita 1,000. Sisi tumepita. Mota inapoa vibaya kidogo kwa hewa nyepesi, na umbali wa hewa kati ya fezi unahitaji nyongeza ya takriban asilimia 1 kwa kila mita 100 juu ya hapo. Ni kidogo, lakini kama hakimo kwenye oda, anayeuza hatakikumbuka. Na radi: bonde hili ni kati ya sehemu zinazopigwa sana na radi duniani. Vizuia radi vya oksidi ya zinki vinachoka bila alama ya nje. Pima mkondo unaovuja, ile sehemu yake ya ukinzani, kila mwaka, na ubadilishe vyote vitatu vya fezi pamoja.

#14 Chuma_cha_Igogo

Mkuu aliuliza mafundi waelewe nini mapema. Haya madogo ndiyo yanayotofautisha kazi ya nyuklia na ya kiwanda cha samaki.

Sili ya mpira wa EPDM usiipake grisi ya petroli, itavimba na kukwama, tumia ya silikoni. Kwenye chuma kisichoshika kutu usitumie brashi ya waya wa chuma cha kawaida, wala kalamu au gundi ya karatasi isiyoandikwa kiwango cha kloridi, kwa sababu kloridi ikikaa na joto na mkazo inaota ufa. Ukifungua mdomo wa bomba, kila kinachoingia kinaandikwa na kila kinachotoka kinaandikwa, spana ina kamba mkononi. Plastiki isiyo na rangi, ya kuona ng'ambo, hairuhusiwi, ikidondoka majini huioni tena. Koeberg, Desemba 2005, bolti iliyoachwa ndani ya jenereta ya umeme iliharibu rota, na Cape Town na mkoa wote ukaingia kwenye mgao.

Vali za mota: usiridhike kwamba imefunguka na kufunga mezani. Ikishafungwa upya, ipime nguvu ya shina ikiwa na shinikizo la kazi, maana pakini (kizibo cha kuzunguka shina) mpya ya grafaiti iliyobanwa kupita kiasi inakula nguvu ya mota na vali inaishia katikati siku ya dharura. Kubana pakini ni hatua kwa hatua: bana, fungua na ufunge mara kadhaa, bana tena kwa spana ya toki.

Ulinganifu wa pampu na mota: angalia kwanza mguu unaoelea, yaani usiokaa sawasawa kwenye msingi. Legeza bolti moja moja ukiwa na saa ya kupimia. Ikipanda zaidi ya mm 0.05, weka shimu (kipande chembamba cha bati) pale kabla hujaanza kulinganisha.

#15 Kirumba_Mwaloni

Swali la mwisho kutoka kwangu. Jenereta za zamani, tani mia tatu kila moja na mionzi ndani, zinaenda wapi? Na mpya zitafikaje huku? Ziwa letu halina njia ya bahari.

#16 Bint_Ukerewe

Kwanza za zamani. Kawaida zinabaki kituoni, midomo imelehemiwa, ndani ya ghala la zege lililojengwa kabla kazi haijaanza. Koeberg nao walihitaji jengo hilo. Zikikaa miongo kadhaa kobalti-60 inapungua nusu kila miaka 5.27, kuzikata kunakuwa rahisi zaidi. Wengine huzipeleka Studsvik, Sweden, zikakatwe na sehemu ya chuma iyeyushwe. Bruce Power ya Kanada walitaka kusafirisha 16, kila moja kama tani 100, kupitia Maziwa Makuu ya huko. Mdhibiti akatoa leseni Februari 2011, lakini wenyeji wa kando ya maziwa wakapinga, na 2013 mpango ukaachwa. Kwa ziwa wanalolinywea watu wa Kenya, Uganda na Tanzania, mimi ningetaka ghala liwe kwenye mchoro wa kwanza, na lisiwe karibu na maji.

#17 Chuma_cha_Igogo

Kuhusu zinazoingia: Mombasa hadi Kisumu kwa barabara ni zaidi ya km 800. Kipande kizito kuliko vyote, chungu au jenereta, kitapita wakati wa ujenzi kwa trela la ekseli nyingi, madaraja yakiwa yameimarishwa. Kosa litakuwa kuyaimarisha kwa muda, vyuma vikaondolewa baada ya ujenzi. Baada ya miaka 30 jenereta mpya itapita njia hiyo hiyo, na daraja lililojengwa katikati ya kipindi hicho bila kuijua kazi hiyo litaizuia. Si mzigo wa kupakia kwenye behewa la MV Umoja, meli ya kubeba mabehewa ziwani. Kama wataamua njia ya ziwa kwa kipande cha mwisho, wanahitaji jahazi bapa la kazi hiyo, gati lenye sakafu ya kuhimili ekseli hizo, na kina cha maji kilichopimwa kwa mwaka wa ukame. Mamlaka za barabara zipewe orodha ya uzito na vipimo vya kila kipande kitakachobadilishwa ndani ya miaka 60, iingie kwenye sheria ya ujenzi wa madaraja ya njia hiyo.